Anza na upepo na maji, hoteli baadaye: namna ya kuchagua pwani ya likizo yako

Kila Desemba na kila Agosti watu huja pwani yetu na pesa walizozikusanya mwaka mzima. Wanafikia hoteli nzuri waliyoiona kwenye picha za maji ya samawati, wanalala, na asubuhi wanakuta bahari imeondoka. Mbele yao ni mchanga mtupu, majani, madimbwi na ngalawa zilizolala ubavu. Maji yako kule kwenye mwamba, mwendo wa robo saa kwa miguu. Wengine huhisi wametapeliwa. Picha zilikuwa za kweli, ila zilipigwa maji yalipojaa, na hakuna aliyewaambia waulize.

Naandika kwa ajili ya familia kama hizo, kwa sababu pwani hii haistahili kumvunja mtu moyo. Nazungumzia ukanda wa kuanzia Lamu hadi Kilwa pamoja na visiwa vyake. Hoteli utaipata tu, kila mahali zipo za bei zote. Kinachoamua kama utaogelea, utaona samaki na mtoto atacheza salama ni upepo, mwezi na upande ambao ufuo umeelekea. Kwa hiyo tutaanza huko.

Hatua ya 1: Jua utakuja na upepo gani

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi karibu Machi. Ndiyo miezi ya joto kali: mchana Unguja na Mombasa hufika nyuzi 32, na usiku haupoi sana. Maji yana uvuguvugu na jua ni la uhakika. Pia ndiyo miezi ya bei kubwa, hasa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Masika huingia katikati ya Machi na kumwaga hasa Aprili na Mei. Hoteli nyingi za Unguja, Mafia na Lamu hufunga kwa matengenezo, na zile zilizobaki wazi hushusha bei sana. Usidanganyike na bei hiyo kama una siku nne tu za likizo, kwani zote zinaweza kuishia barazani mkitazama mvua. Na bahari ya miezi hiyo si ya kudharau: mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, jambo ambalo ni nadra katika latitudo zetu.

Kusi huanza masika yanapoisha na kuvuma hadi Septemba, kutoka kusini mashariki. Juni hadi Agosti ni kipupwe: hewa kavu, mchana kama nyuzi 28, usiku unataka shuka. Ndugu zetu wanaokuja kutoka Oman, Uingereza au Kanada wakati shule za huko zimefungwa huangukia hapa. Wengi hushangaa kukuta upepo unapeperusha taulo. Ni msimu mzuri wa kutembea, kula na kulala, na wa kuona nyangumi wakipita nje ya Watamu na Diani kati ya Julai na Septemba. Ila ufuo unaotazama mashariki utakuwa na mawimbi na vumbi la mchanga. Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja nayo huyumba. Mwenye tumbo jepesi apande ya asubuhi, akae chini na nyuma, asikae juu mbele.

Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, upepo unapokosa mwelekeo na bahari inatulia. Ukiniuliza mwezi mmoja tu wa kuja, nitakutajia Oktoba. Kusi imelegea, vuli haijashika, maji ni maangavu na umati wa Desemba haujafika. Vuli yenyewe, hasa Novemba, isikutishe: hunyesha, hukatika, jua hurudi.

Angalia pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku kumi hivi. Unguja, Pemba na Lamu migahawa mingi ya mtaani hufungwa mchana, na kula barabarani ni kuwakosea watu adabu. Hotelini utahudumiwa kama kawaida. Mimi naupenda wakati huo, kwa kuwa baada ya magharibi mji mzima huamka na futari iko kila kona. Lakini mwenye watoto wanaotaka chipsi saa saba mchana katikati ya Mji Mkongwe ajipange.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Hapa ndipo wageni wengi hupotea, na ni hesabu nyepesi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina hukaribia mita 4 kati ya Mombasa na Unguja. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu: tofauti ni ndogo, kama mita moja hivi, na bahari haiendi mbali.

Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ana kila kitu. Bamvu hukolea kuanzia tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo, na tena kuanzia 15 hadi 17. Maji mafu huangukia tarehe 8 na 9, na 22 hadi 24.

Na kuna jambo ambalo mvuvi yeyote wa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa anakuambia bila kutazama chochote: siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi saa nne au saa tano. Kwa hiyo ukifika ufuo wa mashariki wakati wa mwezi mpevu, usipange kuogelea baada ya chai ya asubuhi. Asubuhi tembea, alasiri ogelea. Ukifika wakati wa maji mafu, asubuhi ni yako yote.

Bamvu si wakati mbaya, ni wakati tofauti. Ukiwa Paje au Jambiani saa nne ya asubuhi hiyo utawaona akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, kamba zimevutwa kati ya vijiti, maji yako chini ya magoti, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa uzi. Kilimo hiki cha biashara kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na kimesomesha watoto wengi. Pita pembeni ya kamba, usizivuke. Salimia kwanza, uliza kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa shukuru uendelee. Vaa viatu vya mpira, maana kwenye mawe kuna wale wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukiingia kisiginoni likizo imekwisha.

Tahadhari moja: ukitembea kuelekea mwambani maji yakiwa yamepwa, geuka mapema. Maji yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na mtoto anaweza kukatiwa njia akiwa bado anaona mchanga mkavu mbele yake. Nenda na mtu wa kijijini.

Hatua ya 3: Tazama ufuo umeelekea wapi

Chukua ramani kwenye simu. Tazama kama ufuo uko upande upepo unakotoka au upande wa demani, uliokingwa na nchi kavu. Kisha tazama mwamba uko umbali gani kutoka mchangani. Mambo hayo mawili yatakueleza zaidi ya maoni ya wageni mia.

Unguja ndiyo mfano mzuri, kwa kuwa kisiwa ni kimoja na bahari ni nyingi.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini kabisa, maji hubaki na kina hata yakipwa. Mtu huogelea saa yoyote, na jua huzama baharini mbele yake. Kusi haipafikii vizuri. Kwa hiyo kama likizo yako ni fupi, unataka kuogelea tu na hutaki hesabu za mwezi, nenda huko. Gharama yake ni kelele: hoteli zimebanana, muziki ni wa usiku kucha, na papasi, yaani vijana wa kubembeleza wageni wanunue, watakufuata kwa vinyago na safari za boti. Kataa mara moja kwa upole na usisimame.

Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu na Jambiani hutazama mashariki. Hapa ndipo maji hutoka mbali. Mchanga ni mweupe na laini, na maji yakijaa nusu, bwawa lililo ndani ya mwamba huwa la kina cha kiuno na vuguvugu. Kwa mtoto wa miaka minne hakuna mahali bora kuliko hapo kwa saa mbili hizo. Paje ni ya vijana wa tiara, wanaovutwa juu ya maji kwa upepo wa kusi na wa kaskazi. Ukitaka utulivu sogea Jambiani. Matemwe iko karibu na kisiwa kidogo cha Mnemba, kwenye matumbawe, ila siku za msimu boti hujazana pale mpaka samaki hawaonekani. Toka alfajiri au usiende.

Kizimkazi, kusini, watu huendea pomboo. Naomba sana: ukimwona nahodha anawakimbiza pomboo na kuwazingira na boti nyingine, mwambie asimame. Abiria wakikataa, tabia hiyo itakwisha. Na usiondoke kijijini bila kuuona msikiti wa zamani wa Dimbani, wenye maandishi ya kaligrafia ya Kikufi ya mwaka 1107.

Mji Mkongwe hauna ufuo wa kukutosha wiki, lakini upe usiku mmoja au miwili mwanzoni au mwishoni mwa safari. Kula urojo, tembea bila ramani.

Pwani ya Kenya inatazama mashariki karibu yote, kwa hiyo kinachotofautisha ni mwamba. Diani ina mchanga mpana wa zaidi ya kilomita 10 na mwamba unaovunja mawimbi mbali kidogo, hivyo ndani ni salama kwa watoto. Maji hupwa lakini si kwa umbali wa Paje, na nyingi za siku utapata pa kujitosa. Kwenye miti ya barabarani wako mbega, weusi wenye mabega meupe, na wamefungiwa madaraja ya kamba ili wavuke bila kugongwa na magari. Watamu ni ya ghuba ndogondogo na visiwa vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi. Hifadhi yake ya bahari ni ya tangu 1968, na matumbawe yake ni karibu na ufuo. Magofu ya Gede yako hapo jirani, na mwaka 2024 yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Malindi nayaheshimu kwa historia na chakula, ila mto Sabaki ukifurika wakati wa mvua maji yake hugeuka ya udongo. Siku hizo Watamu ni bora.

Lamu ni safari ya aina nyingine. Mtu haendi Lamu kwa ajili ya kuogelea, ingawa Shela ina ufuo mrefu wenye vilima vya mchanga. Anaenda kwa ajili ya mji wenyewe, vichochoro, punda, milango na jahazi. Vaa kwa stara mjini. Ufuo hauna kivuli, beba maji. Kabla ya kwenda kwa barabara uliza hali ya usalama ya wiki hiyo. Wengi huenda kwa ndege hadi Manda, kisha boti.

Kusini mwa Dar es Salaam ndiko moyo wangu uliko, na ndiko watu hawaendi. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja karibu na Kilindoni kula vijidudu na dagaa. Boti haiendi mbali. Nahodha anatazama kivuli chenye madoa meupe chini ya maji, anazima mashine, nanyi mnajitosa taratibu. Samaki wa mita 6 anapita, mdomo wazi, hana habari nanyi. Msimguse, msimpitie mbele. Mafia ufuo wake si wa kuanika mwili kama Kendwa, na hilo ulijue kabla ya kulipa ndege.

Kilwa Masoko ina ufuo mtulivu wa ghubani na mbele yake kuna Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Chukua kibali ofisi ya mambo ya kale, vuka kwa mashua, tembelea Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kabla jua halijakali. Pangani na Ushongo, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni za anayetaka kimya. Kisiwa cha Maziwe kilicho mbele yao ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sana linafunikwa, kwa hiyo safari yake hupangwa kwa saa za maji, si kwa saa yako.

Na kama una Jumapili moja tu na uko Dar es Salaam, panda boti Kunduchi uende Mbudya. Samaki wa kuchoma, kivuli cha makuti, na maji safi kuliko ya ufuo wa Coco mjini.

Hatua ya 4: Tazama unaosafiri nao

Mzee mwenye magoti mabovu usimpeleke mahali ambapo kila kitu ni kupanda na kushuka mashua, yaani Lamu, Kilwa Kisiwani na safari nyingi za Mafia. Mpeleke Diani au Kiwengwa, gari lifike mlangoni. Mtoto mchanga asiende mbali na hospitali. Mombasa, Diani, Mji Mkongwe na Dar es Salaam zinafaa kuliko Ushongo. Pwani ya bara ina malaria, hata kama Unguja imepungua sana, hivyo chandarua hakina mjadala.

Fungate na makundi ya marafiki hayahitaji ushauri mrefu. Wenye fungate wanataka kimya, marafiki wanataka Nungwi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya njia, si ya chumba tu

Chumba cha bei nafuu mwisho wa barabara mbovu si nafuu. Kutoka Nairobi, treni ya SGR, iliyoanza 2017, hukufikisha Miritini, kituo cha Mombasa, kwa saa tano au sita. Kutoka hapo hadi Diani bado una gari na kivuko cha Likoni, au unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam boti ya mwendo kasi hufika Unguja kwa saa mbili hivi, halafu kuna teksi ya saa nzima au zaidi hadi Nungwi au Paje. Daladala zipo na ni rahisi sana kwa bei, ila si na mabegi manne.

Raia na wakazi hulipa nauli na viingilio pungufu kuliko wageni, kwenye boti na kwenye hifadhi. Beba kitambulisho halisi, picha ya kwenye simu huleta mabishano. Anayevuka mpaka abebe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa tangu Oktoba 2024 kuwa na bima ya safari ya huko. Ilipieni mtandaoni kabla ya kufika. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Hatua ya 6: Piga simu kabla ya kulipa

Sasa ndipo hoteli inaingia. Ukishachagua msimu, tarehe za mwezi na ufuo, chagua hoteli mbili au tatu za ufuo huo huo na uzipigie. Usiandike ujumbe tu, zungumza na mtu. Uliza kama chumba kiko ufuoni au ng'ambo ya barabara. Uliza umeme ukikatika kuna jenereta ya usiku kucha au ya saa chache. Uliza maji ya bomba yana chumvi au hayana, kwa kuwa visima vingi vya Unguja mashariki vina chumvi. Uliza kama kuna bei ya wakazi, kwani mara nyingi ipo na haitangazwi.

Kurasa za hoteli za uongo zimekuwa nyingi. Anayekutaka utume pesa zote kwenye namba ya mtu binafsi leo hii, kwa sababu "chumba ni cha mwisho", mwache. Lipa sehemu, dai risiti yenye jina la biashara, na muombe mtu unayemjua aliye karibu apite akaone kama mahali papo.

Swali la mwisho liwe hili: "Tarehe hizo tutakazokuja, maji yatajaa saa ngapi, na yakipwa watu wanaogelea wapi?" Anayeujua ufuo wake atakujibu papo hapo, au atamuuliza mvuvi na kukupigia baada ya dakika kumi. Akikutumia picha nyingine za bwawa la kuogelea, pigia hoteli ya pili.